Gogo la Tangi la Samaki: Kuchagua, Kuchemsha na Kulizamisha

Kazi kubwa ya gogo la tangi la samaki hufanyika kabla hujawasha jiko. Watu wengi huokota kipande chochote cha mti kilichowapendeza, wakakichemsha saa nzima, wakaamini moto umemaliza kila kitu. Moto una kazi tatu tu: huua wadudu, mayai na vijidudu vilivyojificha ndani, hutoa sehemu ya rangi, na huharakisha gogo kunywa maji hadi lizame. Hauondoi sumu ya mti wenye sumu, hautoi dizeli iliyonyonywa na mbao ya bandarini, wala haugeuzi mti laini kuwa mgumu. Ukikosea kuchagua, utachemsha mpaka mkaa uishe na samaki watakufa vilevile.

Mti uliokatwa jana umejaa utomvu, sukari na wanga. Ukiutia majini, bakteria na kuvu huvamia chakula hicho, hula oksijeni, na tangi huanza kunuka. Gogo lililokaa mtoni au ziwani miaka mingi limeshapita hatua hiyo: maji yamefyonza sukari, ganda limebanduka, sehemu laini ya nje imeoza na kuondoka, na kilichobaki ni kiini cha mti pamoja na mafundo na mizizi. Kiini ndicho tunachokitafuta. Ni kizito, kimekoza rangi, na ndicho kinachodumu chini ya maji.

Kulipima kwa mkono

Anza na kucha ya dole gumba. Ibonyeze sehemu tatu nne, hasa kwenye ncha na upande uliokuwa umelala ardhini. Kucha ikizama, hapo pameoza. Kisha chukua bisibisi ya ncha bapa, uisukume kwa nguvu ya mkono bila nyundo. Kwenye kiini kizima itateleza au kuacha mkwaruzo tu. Ikiingia nusu sentimita, sehemu hiyo ikatwe. Ikiingia hivyo kila mahali, liache gogo. Ligonge kwa jiwe: mlio mkali na mfupi ni wa mbao ngumu, mlio uliofifia ni dalili ya uozo au mchwa ndani.

Halafu kata ncha moja kwa msumeno, unuse unga wake. Harufu ya mbao kavu au ya udongo kidogo haina tatizo. Harufu ya lami, dizeli, dawa, mkaratusi, au yoyote inayochoma pua, basi gogo hilo lirudishe ulikolitoa. Angalia na kidonda cha msumeno chenyewe. Ukiona utomvu unang'aa, au kijani kibichi chini ya ganda, mti huo haujakauka. Unaweza kuuweka kivulini penye hewa mwaka mzima kisha uupime upya, lakini usiutie tangini ulivyo.

Mijini kuna hatari inayosahaulika: mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Mbao za kupaua nyumba na nguzo nyingi za umeme hutiwa dawa yenye shaba, kromi na arseniki, ndiyo maana huwa na rangi ya kijani au kibuluu. Shaba kidogo sana inatosha kuua uduvi na konokono wote tangini, na samaki hufuata ikizidi. Kibuluu hicho hupauka juani, lakini dawa imo ndani bado. Mabaki ya ujenzi, vipande vya nguzo, na mbao za kreti za mizigo usizijaribu hata zikionekana zimechakaa vizuri. Gogo la umbo la asili, lenye mizizi na mafundo, lina usalama zaidi kwa sababu hakuna aliyewahi kulipeleka kiwandani.

Miti ya kuepuka, na miti inayofaa

Miti yetu kadhaa ilitumiwa na wavuvi kulevya samaki, na hiyo haina nafasi tangini. Utupa unajulikana kila mahali. Mnyaa, ule wa uzio wenye maziwa meupe, ni mwingine. Mtomondo, unaoota kandokando ya mito ya pwani na nyuma ya mikoko, nao umo katika kundi hilo, na kwa kuwa unaishi karibu na maji ni rahisi tawi lake kuokotwa ufukweni kwa bahati mbaya. Kanuni rahisi ni hii: mti wowote unaotoa maziwa ukikatwa, uache.

Mwarobaini una viambata vinavyoua wadudu, kwa hiyo usitarajie uduvi wapone. Mkorosho una mafuta yanayobabua ngozi. Mkaratusi, msonobari na miti ya jamii ya mwerezi imejaa mafuta na gundi yenye harufu. Hata baada ya kuchemsha mara nyingi, mafuta huendelea kutoka polepole na kutanda juu ya maji. Mpingo unavutia kwa sababu huzama papo hapo, ni mzito kuliko maji, lakini vumbi lake huwasha ngozi na una viambata vingi vya kemikali kwenye kiini. Zaidi ya hayo, tangu 2017 jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo umo, iko kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Waachie wachongaji na watengeneza zumari.

Mwanzi si mti mgumu kama unavyodhaniwa. Vyumba vyake vilivyofungwa hushika hewa, huoza kwa ndani, na siku kikipasuka kimoja maji ya kunuka humwagika tangini. Mzabibu hupendeza kwa mikunjo yake lakini hulainika mapema.

Katika inayofaa, mimi huuweka mpera mbele. Mbao yake ni ngumu, nyuzi zimebanana, matawi yake hupinda kwa umbo zuri, na hauna mafuta wala maziwa. Tafuta tawi lililokauka juu ya mti au shina la mpera uliokufa siku nyingi, ubandue ganda lote. Ganda la mpera lina tanini nyingi, ile rangi ya kahawia kama ya chai, kuliko mbao yenyewe.

Shina la mkahawa pia ni zuri sana, hasa kisiki pamoja na mizizi. Mashamba ya Kilimanjaro, Kagera na nyanda za kati za Kenya hung'oa mibuni mizee, na visiki hivyo huishia jikoni kama kuni. Ila muulize mwenye shamba alipuliza nini. Dawa za shaba, kuanzia mrututu hadi zile za dukani, zimetumika miaka mingi kwenye kahawa dhidi ya kutu ya majani na ugonjwa wa chulebuni. Shina la shamba lililopulizwa shaba libanduliwe ganda lote na kuchongwa juu milimita mbili tatu, na hata hivyo nisingeliweka kwenye tangi la uduvi.

Mopani ni mbao ya tangi kutoka Afrika inayouzwa sana duniani. Inaota kusini mwetu: Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, Botswana, Namibia. Utaitambua kwa rangi mbili, kahawia iliyokoza upande mmoja na manjano iliyopauka upande wa pili. Huzama yenyewe au karibu kuzama, na hudumu miaka mingi, lakini ndiyo inayotoa rangi nyingi kuliko zote. Ukinunua vipande vilivyosafishwa kwa kupigwa mchanga, bado vichemshe. Kazi ile husafisha uso tu. Mizizi ya azalea yenye matawi membamba, inayoletwa kutoka Asia, ina tabia nyingine kabisa: rangi kidogo, utando mweupe mwingi, na huelea wiki kadhaa.

Mikoko iache ilipo. Tanzania na Kenya misitu ya mikoko inahifadhiwa na kibali cha kuvuna hutolewa na mamlaka za misitu, TFS kwa Tanzania na KFS kwa Kenya. Hata mzizi uliokufa una kazi pale, kwani vifaranga wa samaki hujificha humo. Vivyo hivyo kwa hifadhi za taifa na za bahari: kisichoruhusiwa kuokotwa kisiokotwe. Gogo la kingo za mto wa kijijini, la shambani, au la muuza kuni mwenye kibali linatosha.

Gogo la ufukweni na la ziwani

Gogo la baharini lina matatizo mawili, chumvi na uchafu wa vyombo. Chumvi huondoka, ni suala la muda. Uchafu ndio wa kuogopa. Karibu na bandari na madiko, mbao hunyonya mafuta ya mashine, na vipande vya boti huwa na rangi ya kuzuia chaza, ambayo mara nyingi ina shaba. Okota mbali na madiko, na ukiona msumari, shimo la msumari, rangi au donge la lami, pita. Mashimo ya mviringo yanayoingia ndani ni kazi ya viumbe wa baharini wanaotoboa mashua. Hayana sumu, ila ndani yake hubaki mchanga, magamba na chumvi, na gogo lenye matundu mengi litachukua muda mrefu zaidi kusafishika.

Magogo ya ziwani na mtoni hayana chumvi, lakini huwa na konokono na mayai yao. Ukiingia maji yaliyotulia kuokota, kumbuka kichocho: vaa buti za mpira na usikae majini. Ukifika nyumbani lianike gogo juani wiki mbili kabla ya kufanya lolote. Ukavu huua konokono wengi, na ukavu huohuo hukuonyesha nyufa ambazo hukuziona likiwa limelowa.

Kusafisha, kisha jikoni

Bandua ganda lote, hata lile linaloonekana limeshika. Litabanduka tu baada ya miezi, vipande vitaziba kichujio, na chini yake kutakuwa na tope jeusi. Tumia kisu kwanza, kisha brashi ya waya kwa kufuata nyuzi. Sehemu zilizooza zikwangue kwa patasi mpaka ukute mbao inayokataa. Matundu yachokonoe kwa spoku ya baiskeli na kuyasukutua kwa maji ya bomba yenye kasi. Ncha kali zipige msasa, kwani samaki wenye mapezi marefu huyapasua wakishtuka usiku. Sabuni hapana kabisa, hata tone. Mbao huinyonya na kuitoa baadaye.

Ujazo wa sufuria uamue ukubwa wa kazi. Kwa tangi la sentimita 60, gogo la sentimita 35 hadi 40 linatosha, na hilo laingia kwenye sufuria kubwa ya shughuli. Tumia sufuria ambayo haitarudi kupikia watu, na chemshia nje, kwani mvuke wa mbao usiyoijua usiuvute ndani ya nyumba. Weka gogo kwenye maji baridi, likandamize kwa jiwe safi lizame lote, ndipo uwashe. Maji yakianza kuchemka hesabu saa moja kwa gogo jembamba kuliko sentimita 5, na saa mbili kwa nene zaidi. Mbao hupitisha joto polepole, na dakika kumi za kuchemka zimepasha moto ngozi tu ilhali katikati bado kuna mayai mazima.

Hapa pana hatua ambayo wengi huiruka. Zima jiko, usilitoe gogo. Liache lipoe ndani ya maji yaleyale, likiwa limezama, usiku kucha. Likiwa la moto, hewa iliyomo ndani ya mbao imetanuka na sehemu yake imetoka. Likipoa, hewa iliyobaki hujikunyata na maji hunyonywa kuziba nafasi. Ukilitoa likiwa la moto na kuliweka mezani, linavuta hewa badala ya maji, na kesho litaelea kama jana.

Asubuhi mwaga maji hayo, yatakuwa na rangi ya chai ya rangi, weka mengine, rudia. Mizunguko mitatu au minne hutosha kwa mbao nyingi. Mopani huhitaji zaidi. Usisubiri maji yawe meupe kabisa, kwa sababu kuchemsha siku hadi siku hulainisha uso wa mbao na kulipunguzia gogo maisha yake. Yakifika rangi hafifu unayoweza kuona kitako cha sufuria kupitia humo, acha jiko, kazi iliyobaki ni ya kuloweka.

Gogo lisiloingia sufuriani lichemshwe nusu kwa nusu kwa kuligeuza. Likiwa kubwa mno, tumia pipa la plastiki lililokuwa la chakula, si la kemikali wala la mafuta. Lijaze, lizamishe gogo kwa jiwe, na kila ukibadilisha maji mwagia kwanza ndoo moja ya maji yanayochemka moja kwa moja juu ya gogo, uligeuze na kumwagia upande wa pili. Badilisha maji kila siku ya tatu na ufunike kwa neti. Pipa lililosahaulika wiki mbili ni kiwanda cha mbu.

Dawa ya kufulia nguo nyeupe, yenye klorini, wengine hulowekea magogo. Sishauri. Kwenye kioo au jiwe huoshwa ikaisha, kwenye mbao huzama ndani na kutoka polepole, na tayari una moto unaofanya kazi hiyohiyo bila mabaki. Aliyekwisha kuitumia aloweke gogo wiki nzima akibadilisha maji, na ndoo ya mwisho aitie dawa ya kuondoa klorini. Asiichanganye kamwe na siki au ndimu, kwani hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu. Na usilioke gogo kwenye oveni wala maikrowevu. Limewahi kuwa kuni na linakumbuka.

Ndoo ya majaribio

Kabla ya tangi, weka gogo kwenye ndoo ya maji safi saa 48, na ndoo nyingine ya maji yaleyale bila gogo kando yake. Nusa. Gusa gogo: uso wenye utelezi kidogo ni kawaida, uso unaokwanguka kwa kidole si kawaida. Angalia juu ya maji kwa mwanga wa pembeni. Ukiona utando wa rangi za upinde wa mvua, uchokoe kwa kijiti. Utando wa bakteria hupasuka vipande vyenye kona na vipande hubaki vimeachana. Utando wa mafuta hufunguka, kisha hujiunga tena mara moja. Wa kwanza ni wa kufuta kwa karatasi na kusahau, wa pili maana yake gogo lina mafuta na safari yake imeishia hapo.

Kwa gogo la baharini, kipimo cha TDS cha mkononi, kile kidogo cha kalamu kinachopima chumvi na vitu vingine vilivyoyeyuka majini, kina thamani kuliko ulimi. Linganisha ndoo mbili. Ndoo ya gogo ikizidi nyingine kwa zaidi ya 50 hivi, badilisha maji na uendelee kuloweka. Tanini nayo huongeza namba kidogo, kwa hiyo usitafute usawa kamili; tafuta ongezeko linalopungua kila mara mpaka likome kupungua. Gogo nene la ufukweni linaweza kuhitaji mwezi au zaidi, na hakuna njia ya mkato.

Kuzama

Chembe za mbao zenyewe ni nzito kuliko maji, takribani gramu 1.5 kwa sentimita moja ya ujazo, iwe ya mti gani. Kinachoelesha gogo ni hewa tu. Kwa hiyo kila gogo litazama siku moja, ila jembamba huchukua siku na nene huchukua miezi.

Asiyetaka kusubiri afunge gogo kwenye jiwe bapa. Jiwe la granaiti au sleti ni salama. Kigae kizito cha sakafu kilichosafishwa nacho chafaa. Toboa jiwe kwa drili ya mawe ukilimwagia maji, toboa gogo kwa chini, kaza kwa skrubu mbili za stenlesi, si moja, maana gogo lenye skrubu moja huzunguka. Skrubu ya kawaida itapata kutu, na ile ya njano ya brasi ina shaba ndani yake. Funika jiwe kwa changarawe na hakuna atakayeliona. Silikoni peke yake haiaminiki hapa, haishiki kwenye mbao iliyolowa na huachia usiku mmoja. Gogo likipanda ghafla huja na mimea, hung'oa hita, na linaweza kugonga kioo.

Usilibane gogo katikati ya vioo viwili ili lisipande. Mbao ikinywa maji huvimba, na nguvu ya kuvimba huko ni kubwa kuliko uwezo wa kioo cha milimita 5. Acha nafasi ya sentimita 4 au 5 kila upande, upate pia kupitisha sponji ya kusafishia.

Ndani ya tangi

Liweke gogo kwanza, changarawe baadaye. Ukilitua juu ya changarawe, samaki wanaochimba watalidhoofisha kitako mpaka liangukie kioo. Mdomo wa kichujio uelekezwe ili maji yapite nyuma na chini ya gogo. Pembe isiyo na mkondo hukusanya mavi na mabaki ya chakula, changarawe huwa nyeusi, na ukiichokoa hutoka mapovu ya harufu ya yai viza. Gogo lililotulia kwa miguu mitatu, likaacha uwazi chini, ni rahisi kunyonya uchafu chini yake kwa mpira.

Gogo ndiyo ardhi bora ya mimea ya kwetu Afrika. Anubias, kutoka misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati hadi Kongo, na kangaga aina ya Bolbitis heudelotii, huota zikishikilia mbao na mawe mitoni. Zifunge kwa uzi wa pamba au tone la supaglu nzito, shina tambazi likiwa juu ya mbao. Ukilizika shina hilo kwenye changarawe linaoza, na watu husema mmea ulikuja na ugonjwa.

Kuhusu maji: tanini hushusha pH, yaani huyafanya maji kuwa na asidi zaidi, pale tu ambapo maji hayana kabonati ya kuizuia. Maji ya visima vya pwani yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe ni magumu, na gogo moja halitayatikisa. Maji ya mvua na ya mito ya milimani ni laini. Hapo pima pH kila siku wiki ya kwanza, na ugumu wa kabonati ukiwa chini ya digrii 3 weka kipande cha tumbawe lililokufa au magamba kwenye kichujio. Samaki kama tetra wa Kongo, kribensi, enjeli na pleko hufurahia maji yenye tanini. Siklidi wa Ziwa Nyasa na Tanganyika wametoka kwenye miamba na maji ya pH 8 hadi 9; kwao weka mawe, na ukitaka gogo liwe moja dogo kwenye maji magumu.

Pleko wa kawaida hukwangua uso wa mbao, na jamii ya Panaque hula mbao hasa. Unga wa kahawia sakafuni ni mavi yao, wala usidhani gogo linaoza.

Yanayojitokeza baadaye

Kati ya siku ya tatu na wiki ya pili, gogo jipya huota utando mweupe wa ute. Ni kuvu na bakteria wanaomalizia sukari iliyobaki. Haudhuru samaki, na konokono na uduvi huula. Hudumu wiki mbili hadi sita kisha huisha wenyewe. Hatari yake ni moja: ukiwa mwingi sana hula oksijeni, na maji yetu ya joto hayana akiba. Maji ya nyuzi 20 hushika takribani miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hushika 7.5 tu. Ukiona samaki wanahemea juu alfajiri, ongeza pampu ya hewa, toa gogo, lisugue, lichemshe nusu saa na ulirudishe. Utando ukirudi mara ya tatu kwa wingi uleule, mbao hiyo haikukauka, au ni mti laini.

Maji ya kahawia hayaui samaki. Asiyependa rangi abadilishe robo ya maji kila wiki na aweke mfuko wa mkaa maalumu wa kuchujia, akiubadilisha kila wiki tatu au nne. Mkaa wa jikoni usiutumie, una majivu yanayopandisha pH. Mwenye kuipenda rangi hiyo anaweza kuongeza majani makavu ya mkungu yaliyoanguka yenyewe, jani moja kubwa kwa lita 40, mbali na barabara na miti iliyopulizwa dawa.

Gogo lililotumika kwenye tangi lililotibiwa kwa shaba lisihamishiwe kamwe kwa uduvi, kwani mbao hushika dawa. Kwa sababu hiyohiyo, ukitibu samaki fanya hivyo kwenye ndoo ya pembeni isiyo na gogo. Ikibidi kutibu tangi zima, jua kwanza ujazo halisi. Jaza ndoo mpaka ukingoni ndani ya beseni, zamisha gogo, pima maji yaliyomwagika. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 huitwa la lita 54, lakini ukiondoa nafasi ya juu, changarawe ya sentimita 5 na gogo la lita 3, hubaki takribani lita 40. Dawa ya lita 54 ndani ya lita 40 imezidi kwa zaidi ya theluthi moja.

Kila miezi sita, ukisafisha, rudia kucha na bisibisi. Uso laini wa milimita moja ukwangue kwa brashi. Bisibisi ikizama, au vipande vikitoka kwa matabaka ukilishika, litoe siku hiyo, ukate sehemu ambayo bado ni ngumu uitumie tena na iliyobaki ianikwe kwa kuni. Usilitoe siku moja na kubadilisha sponji ya kichujio. Sehemu kubwa ya bakteria wanaosafisha maji wamejenga juu ya gogo hilo, na ukiwaondoa wote kwa pamoja amonia itapanda ndani ya siku mbili.